Walatino wanachokosa ni viwanja

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu unene wa watoto wa Walatino (watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini) hapa Marekani. Mwandishi wenu amewabebesha wazazi lawama zote, eti wanawafungia watoto ndani na televisheni. Mimi naishi Chicago, karibu na Little Village, mtaa ambao Wameksiko wenyewe huuita La Villita, na sivyo ninavyowaona.

Ni kweli, mama wa hapa humkatalia mtoto mdogo kutoka nje peke yake. Magari yanakimbizwa, risasi husikika, na Januari baridi inakata masikio. Nani angemruhusu? Lakini huko ndani hawakai kitako. Jumapili meza inasogezwa ukutani, inapigwa cumbia, muziki wao wa dansi, bibi anamshika mjukuu mikono yote miwili na kumwonyesha hatua. Akipatia, ukoo mzima unampigia makofi, naye anataka tena. Baba akirudi kazini, viatu vya ujenzi vingali miguuni, anacheza mpira na mwanawe koridoni mpaka jirani wa chini agonge dari. (Simu anayopewa mtoto ili anyamaze, hapo sina utetezi, hata sisi Waswahili wa huku tunayo hiyo.)

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kuchezacheza kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kutoa jasho. Koridoni peke yake dakika hizo hazitimii. Mwandishi angeuliza basi kiwanja kiko wapi.

Wazazi wa La Villita waliuliza zamani. Mwaka 1994 walianzisha jumuiya ya kutetea mazingira, LVEJO, na kwa miaka mingi ikadai bustani. Desemba 2014 ikafunguliwa La Villita Park, ekari zaidi ya 20, pale palipokuwa na kiwanda cha bidhaa za lami za kuezekea. Udongo ulikuwa na sumu, ikabidi ushughulikiwe kwanza. Leo kuna viwanja vya mpira na sehemu ya watoto wadogo. Kuisumbua serikali ya jiji miaka yote hiyo nako ni kumhimiza mtoto acheze.

Namwomba mwandishi afike pale Jumamosi ya kiangazi, aone wazazi walivyojaa, kisha atuandikie sehemu ya pili. Na madaktari wa watoto, kabla ya kumkabidhi mama kipeperushi cha mazoezi, wamuulize anakaa mtaa gani.

Msomaji wenu,
Chicago