Barua ya wazi kwa Kamati ya Uwanja na Nyumba ya Utamaduni: ardhi kwanza, saruji baadaye

Marahaba, wanangu. Najua kwamba tungekutana njiani mngeniamkia kwanza, basi naipokea shikamoo yenu hapa hapa ili tuingie kwenye shauri.

Nilikuwepo Jumapili pale ofisi ya kijiji mlipobandika ukutani ile ramani ya uwanja na nyumba ya utamaduni. Nimeliona jukwaa lenye paa la mgeni rasmi, ukumbi wa vigae na dari ya jipsamu, geti la chuma na vyumba vya kupangisha. Watu walipiga makofi, na mimi nafurahi kwamba vijana wa hapa wamekaa chini wakafikiria kitu kisicho fremu za biashara. Niliuliza swali moja tu: hiyo ardhi iko upande gani, na imo kwenye muhtasari wa mkutano upi? Nikajibiwa, "Mzee, la ardhi litafuata, kwanza tuchange." Nikakaa. Sikutaka kuharibu furaha ya watu. Lakini jibu hilo limeninyima usingizi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Siku hiyo hiyo nikirudi nyumbani nilipita korongoni. Watoto walikuwa wamechimbia miti minne mchangani, magoli mawili, wanacheza mpira wa mifuko ya plastiki. Korongo letu mnalijua. Kiangazi ni mchanga mweupe, laini, hakuna mwiba. Ikifika Desemba, mvua hunyesha vilimani huko juu wakati hapa jua linawaka, na maji hushuka ghafla na magogo yake. Mwaka juzi yalimkuta mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa amekwenda kuokota mpira. Mchunga mbuzi mmoja alimdaka shati. Nilifika wakati mama yake anamkamua maji nywele kwa khanga, hasemi neno, mikono inatetemeka. Jioni kijiweni tukasema watoto wa siku hizi ni watundu. Utundu gani? Mtoto ametafuta mahali pa tambarare pasipo na ukuta wala shamba la mtu, akapata mahali pamoja tu, kwenye njia ya maji.

Sasa niwaambie uwanja ulikwenda wapi, maana wengi wenu mmezaliwa haupo. Tuliletwa hapa mwaka 1971, kwenye Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, nikiwa mvulana wa kuchunga ndama. Wazazi wetu waliacha matembe yao, zile nyumba za paa la udongo, yaliyotawanyika huko vichakani wakapangwa kwa mistari. Yalikuwepo mengi ya kulalamikia, na walilalamika. Lakini wazee wale, pamoja na vumbi na shida ya chakula, walitenga mahali pa watoto kabla hawajamaliza kuezeka nyumba zao. Walihesabu hatua kutoka kwenye mbuyu hadi kwenye kichuguu, wakapigilia vigingi vya mti wa mkungugu kwenye kila pembe. Hapo tulicheza mpira wa matambara, na hapo mama zetu walipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, baada ya mavuno.

Uwanja ule haukuuzwa siku moja. Kwanza ilitolewa kona kwa ajili ya ghala la mazao. Nilikuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, nami nilinyoosha mkono kukubali, kwa sababu ghala ni jambo jema, nani angelikataa? Ghala halikumaliza miaka mitano likabaki la popo. Baadaye ukaja mnara wa simu na uzio wake. Baada ya mnara zikaja fremu sita, tukaambiwa ni za muda. Kisha serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kweli kweli mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, madalali walianza kuingia na pikipiki, na kila kipande ambacho hakikuwa na jina la mtu kikapata jina la mtu. Nilishtuka siku nilipoona goli la magharibi limegeuzwa nguzo ya banda la duka, mwamba wake wa juu umeanikwa nguo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga; sisi ufa tuliupasua wenyewe kwa mikono tuliyonyoosha kikaoni, na mkono wangu ulikuwamo. Naomba radhi kwa jambo hilo mbele yenu nyote.

Kwa hiyo nisikilizeni kuhusu ardhi hata kama mengine yote mtayapuuza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imewapa nguvu ambayo hamjaitumia. Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani sisi wakazi wote tuliofikisha miaka 18. Sheria hiyo hiyo inakiruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiandika kwenye daftari. Pelekeni ombi mkutanoni, ligombanieni mpaka lipite, na muhtasari utaje ukubwa, mipaka na kazi ya eneo: michezo na utamaduni, basi. Ghala lile lilipitishwa kwa sentensi moja isiyo na kipimo, ndiyo maana fremu zilipokuja hakuna aliyeweza kuonyesha lilipoishia. Mkishatoka hapo, eneo liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, ule unaoandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, lionekane kwenye ramani, na bikoni, yaani alama za mipaka, ziwekwe.

Na msichelewe. Jiji linatambaa kuja huku. Treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, imefika Dodoma mwaka 2024 na wageni wanaouliza bei ya ekari wameongezeka. Siku kijiji kitakapotangazwa kuwa eneo la mipango miji, mambo ya ardhi hayataamuliwa tena chini ya mwembe wetu. Wapima watakuja na vyombo vyao, na mahali panapojulikana kwa midomo ya wazee tu patapewa namba ya kiwanja kama pengine popote. Wazee wenyewe tunapungua.

Mkiomba, msiombe kidogo. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unakula karibu ekari moja na robo tatu, kabla hamjatenga mahali pa watu kusimama wala kivuli. Netiboli inataka mita 30.5 kwa 15.25. Hicho ni kipande kidogo sana, na kwenye ramani yenu nimekitafuta sikukiona. Nilipouliza, mmoja wenu akaniambia wasichana watacheza pembeni. Wanangu, mabinti wa kijiji hiki wamekuwa wakicheza pembeni tangu vigingi vile vya kwanza, kwenye miiba, wakifukuzwa kila wavulana walipotaka kupasha misuli. Ninyi mmesoma kuliko sisi. Choreni uwanja wao kwanza, halafu muone huo wa mpira utakaa wapi. Ekari tano zikipatikana, chukueni zote tano.

Sasa nyumba ya utamaduni. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo, mnivumilie.

Mnaikumbuka ile sherehe ya juzi. Kina mama wa muheme waliitwa saa mbili asubuhi, wakawekwa juani. Mgeni alifika saa saba. Ngoma ya muheme ni ngozi, na ngozi lazima ipashwe moto ndipo ikaze. Mama huwasha nyasi kavu, anaizungusha ngoma juu ya moto, anaigonga kwa vidole, anategea sikio, anairudisha tena mpaka sauti ipande. Siku hiyo walikatazwa kuwasha moto kwa sababu moshi ungeelekea kwenye hema la wakubwa. Dada yangu, mwanamke aliyevuka miaka 60, alisimama na ngoma yake ameibana mapajani, imelegea, inatoa sauti kama debe lililofunikwa gunia. Wakapiga dakika chache, spika zikafunguliwa, wimbo wa simu ukawafunika. Wakapewa soda wakatawanyika. Dada hakulalamika. Aliifuta ngoma vumbi kwa ncha ya khanga akaitia kwenye kiroba.

Wakati huo huo pale Chamwino, hapa hapa mkoani Dodoma, tamasha la muziki wa Kigogo lililoanza mwaka 2009 linawaleta watu kutoka mbali kuja kusikiliza kitu hiki hiki. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizibeba ala za kwetu, zeze na ilimba, akazipiga Ulaya, na watu wakamsikiliza wametulia. Sisi tunaziita burudani ya kusubiria mgeni.

Halafu mnachora ukumbi wa vigae na jipsamu mnauita nyumba ya utamaduni. Moto wa kupashia ngoma utawashwa wapi humo? Njuga zitakanyaga wapi bila kuvunja vigae na bila mlinzi kupiga kelele? Mlimuuliza mama gani kabla ya kuchora? Ukumbi ule ni wa harusi, na harusi ni jambo zuri, ila uiteni kwa jina lake. Kwa muheme jengeni banda refu lililo wazi pande zote, paa juu ili joto litoke, sakafu ya udongo ulioshindiliwa, na upande usioelekea upepo wekeni mahali pa moto palipozungushiwa mawe. Ongezeni chumba kimoja cha tofali za kuchoma chenye rafu zisizofikiwa na mchwa, ngoma zilale humo, na ufunguo ashike mama mmoja wa kikundi. Banda hilo litagharimu sehemu ndogo tu ya vigae vyenu. Na waketisheni kina mama wawili kwenye kamati, wenye sauti ya kuamua. Kupika chai ya kikao kuna watu wengine.

Mengine nayataja tu. Maji yafike kabla ya jukwaa. Vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, na viwe na milango. Mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu apite bila kubebwa. Miti ipandwe mwaka huu, isingoje jengo. Benchi na bao la kete viwekwe upande wa kivuli, wazee nasi tupate pa kukaa tukiwaangalia wajukuu. Hesabu za michango zibandikwe ukutani kila mwezi. Chumba cha vitabu, hata kiwe na meza moja na taa.

Na ninyi wazazi mnaosoma barua hii kwa kuwa watoto wenu wamewasomea, hamjasalimika. Mkutano wa mbolea ya ruzuku tunajaa hadi nje. Ule wa kujadili mahali pa watoto tunatuma mtu mmoja akatuandikie majina. Kijana wa miaka 18 anashinda kwenye meza ya pool na kibanda cha kubeti, anakula pesa ya vibarua vya zabibu ndani ya saa moja, na sisi tunapita tunatikisa kichwa. Tulimpa wapi kwingine? Niliwahi kumkuta mmoja amekaa mlangoni pa kibanda, hana hata mia, anaangalia wenzake wanavyocheza. Nikamuuliza kwa nini asiende nyumbani. Akasema, "Babu, nyumbani nikafanye nini?" Sikuwa na jibu, nikampa pesa ya chai nikaondoka, na tangu siku hiyo najiona nilimkimbia.

Wanangu, siwapingi. Nimechangia elfu hamsini yangu kwa mweka hazina na sitaidai. Ninachoomba ni kwamba saruji isinunuliwe hata mfuko mmoja mpaka ardhi iwe imepitishwa, imepimwa na imeandikwa. Upande wa mashariki, nyuma ya lambo, bado ipo ardhi ya kijiji ambayo haijaguswa, na najua inapoanzia kwa sababu nilikuwepo ilipokatwa.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa pale lamboni. Nina kamba ya mita 50, ya katani, bado imara. Aje mwenyekiti, aje mtendaji, waje kina mama wa muheme na mabinti wa netiboli, na mmoja wenu abebe panga la kuchongea vigingi.

Mimi babu yenu, wa nyumba ya karibu na mbuyu.