Mwanangu, nimefika Livingstonia

Mwanangu, marahaba, salamu zako nimezipata. Nilivyokwambia navuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi na kina mama wa kwaya najua ulifikiri tunaishia Karonga, hapana, tumefika mpaka Livingstonia kule juu, ile misheni ya Waskoti aliyokuwa anaisimulia babu yako.

Karonga sikuona ugeni kabisa, nasalimia ugonile wanaitikia utadhani niko sokoni Kyela, Wangonde ni ndugu zetu yani. Kazi ilikuwa pale Chitimba, unaacha lami kando ya Ziwa Nyasa unapanda matola, pikapu imejaa watu na magunia, kona zaidi ya 20 na kila kona ukitazama chini ni ziwa tu, mama mchungaji kaimba njia nzima macho kafumba.

Nikawa najiuliza, hao Waskoti waliokuja na meli, ile Ilala yao ya 1875 iliyobebwa vipandevipande kupita maporomoko ya mto Shire, mlimani walifuata nini? Tukaelezwa pale Stone House, nyumba ya mawe ya Dokta Robert Laws, mkuu wa misheni yao, siku hizi ni makumbusho. Walianzia Cape Maclear, kusini mwa ziwa, homa ikawamaliza, 1881 wakahamia Bandawe, bado kando ya ziwa, nako wakazika wenzao, mpaka 1894 ndo wakapanda huku kwenye baridi. Na wakati huo hata haijajulikana kwamba malaria inaletwa na mbu!

Hapo mwanangu nililia. Nilimkumbuka dada yako, ile masika ya Kyela, homa siku mbili tu basi. Wenzangu walidhani nimechoka na safari, sikuwaambia.

Laws alikaa mpaka 1927 na shule yao ndo iliyomsomesha David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda wa Zambia, hilo sikulijua.

Jioni mawingu yakaondoka, ng'ambo ya ziwa milima ikatokea, nikauliza kule wapi, kijana mmoja akaniambia kule si kwenu mama. Kumbe ni ile ile ya Matema, Milima ya Livingstone, nimeiona tangu nazaliwa ila sikuwahi kuiona kwa upande huu. Nilisimama pale mpaka giza likaingia.

Kahawa ya Mzuzu nimekuwekea pakiti mbili. Na ile neti uliyosema imechanika usiishone, nunua mpya wiki hii hii, hela natuma kesho asubuhi.

Mama yako