Kabla ya kuwalaumu wanaoacha vidonge vya PrEP

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji aliyelalamika hivi majuzi kwamba ni kutupa fedha kuwagawia mashoga, pamoja na wanaume wenye wake wanaofanya mapenzi na wanaume pia, vidonge vya kuzuia maambukizi ya VVU, kwa kuwa wengi wao huchukua chupa ya mwezi wa kwanza kisha wasionekane tena. Kwamba wengi hawarudi ni kweli, na sina haja ya kubishana naye hapo, kwa sababu nimetoa dawa dirishani katika hospitali za Pwani kwa miaka mingi na nimeyaona hayo. Ninachokikataa ni sababu aliyoitaja, yaani uzembe, maana ukikaa nao faraghani na kuwauliza kwa upole, utasikia habari nyingine kabisa.

PrEP, kama kila mtu anavyoiita kliniki, ni kidonge kimoja chenye tenofovir na emtricitabine, kinachomezwa na mtu asiye na VVU ili virusi vikiingia mwilini vishindwe kuzaliana. Kenya ilianza kukitoa kitaifa mwezi wa Mei 2017. Utafiti uliofungua njia, wa iPrEx, ulichapishwa mwaka 2010 baada ya kuwafuatilia watu 2,499, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao pamoja na wanawake waliobadili jinsia, katika nchi 6 zikiwemo Peru, Brazil na Afrika Kusini, nao ulionyesha kuwa maambukizi yalipungua kwa asilimia 44 tu. Wapo walioishika takwimu hiyo wakasema dawa ni dhaifu. Lakini washiriki hao walikuwa wakiwaambia watafiti kwamba wanameza karibu kila siku, na damu yao ilipopimwa, takriban nusu ya wale waliobaki bila VVU ndio waliokutwa na dawa mwilini, ilhali miongoni mwa walioambukizwa hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Katika ufuatiliaji uliokuja baadaye hakupatikana mtu yeyote aliyeambukizwa akiwa na kiwango cha dawa kinacholingana na vidonge 4 au zaidi kwa wiki. Kwa hiyo kidonge kinakinga vizuri sana kikimezwa, na swali linalobaki ni kwa nini hakimezwi na kwa nini mtu aseme amemeza hali hajameza.

Sehemu ya pili ya swali hilo inatuhusu sisi wahudumu. Tulifundishwa kuhesabu vidonge vilivyobaki kila mgonjwa anaporudi, nami nilishangaa mwanzoni kuona chupa nyingi zinarudi tupu kabisa, bila hata kidonge kimoja cha ziada, kana kwamba watu hao hawasafiri, hawaugui wala hawasahau kama binadamu wengine. Kijana mmoja alikuja kunieleza kwamba wao humimina vidonge vilivyobaki chooni asubuhi ya kliniki ili wasigombezwe. Tulikuwa tunahesabu woga wao na kuuandika kwenye faili kuwa ni ufuasi mzuri wa dawa.

Sababu kubwa ya kutomeza, kwa niliyoyasikia, ni ile chupa yenyewe. Ni chupa nyeupe ya plastiki yenye vidonge 30, haina tofauti na ile ya ARV, dawa za kutibu wenye VVU, machoni pa mtu wa kawaida, na ukitembea nayo mfukoni inacheza kama kayamba. Mama mzazi akiikuta chini ya godoro hatauliza kama ni kinga au ni tiba, na mke ndiyo kabisa. Nakumbuka fundi mmoja, baba wa watoto, mtu mwenye heshima zake mtaani, ambaye aliificha chupa yake ndani ya sanduku la vifaa pale karakana. Alikuwa mwaminifu sana kwa dawa Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili na siku zote za sikukuu karakana ilifungwa, na dawa ikafungiwa humo humo. Sikukuu zikifuatana, anakaa siku tatu au nne bila kinga, nazo ndizo siku ambazo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na nafasi ya kuonana na mwenzake. Wengine huvitoa vidonge na kuvifunga kwenye karatasi au kuvitia kwenye kikopo cha peremende, jambo ambalo kwa joto na unyevu wa huku kwetu huviharibu, kwa maana kile kifuko kidogo cha kufyonza unyevu kimebaki kwenye chupa iliyotupwa. Tumezoea kusema mficha maradhi kilio humfichua. Hawa hawafichi maradhi, wanaficha kinga, na waliowalazimisha kuificha ni sisi tunaowasema.

Kuna pia mambo yanayotokana na kutoelezwa vizuri. Wengi huruka kidonge siku ya kunywa pombe kwa kuamini kuwa vikichanganyika vitaharibu ini, kumbe dawa hii haigombani na pombe, na usiku wa pombe ndio mtu anaoihitaji zaidi. Katika mwezi wa Ramadhani wapo wanaoacha kabisa, ingawa kidonge ni kimoja tu kwa siku na kinaweza kumezwa wakati wa futari au wa daku, pamoja na chakula au bila chakula. Wengine hukatishwa tamaa na kichefuchefu, gesi tumboni na maumivu ya kichwa ya wiki za mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba dalili hizo huwapata wachache na kwa kawaida huisha ndani ya mwezi mmoja.

Na lipo jambo ambalo wahudumu wengi hulinyamazia kwa kuogopa kwamba litaleta ulegevu, nami naona kunyamaza huko kumetugharimu. Si kila mwanaume anahitaji kumeza kila siku mwaka mzima. Utafiti wa IPERGAY, uliofanyika Ufaransa na Kanada na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 86 kwa wanaume waliomeza vidonge 2 kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, kimoja saa 24 baada ya hivyo viwili, na kimoja tena saa 24 baadaye. Shirika la Afya Duniani liliukubali utaratibu huo kwa wanaume mwaka 2019. Haumfai mwanamke, ambaye anahitaji kumeza kila siku, wala mwenye homa ya ini aina ya B ya kudumu, kwa kuwa dawa hii hupambana pia na virusi vya ugonjwa huo na kuianza na kuiacha kunaweza kuuamsha. Lakini kwa yule fundi wa karakana, ambaye siku zake alizijua mapema, ungekuwa msaada mkubwa.

Msomaji wako hakugusia pia kwamba mara nyingine ni huduma iliyowakimbia watu hawa. Mwezi wa Februari 2010 umati ulikivamia kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Mtwapa kwa madai kuwa kinahudumia mashoga. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinatishia kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, huku miongozo ya Wizara ya Afya ikiwaita watu hao hao waje kliniki kila baada ya miezi mitatu. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na kibali cha muda kilipotolewa mwezi uliofuata kiliruhusu PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Wanaume waliokuwa wakimeza bila kukosa walifika kwenye vituo vyao wakakuta milango imefungwa. Sijui hao nao tuwaite wazembe.

Sindano ya lenacapavir, nayo ya kuzuia VVU, inayodungwa mara 2 kwa mwaka na iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Julai 2025, itawaondolea wengi taabu ya chupa, na nafurahi kwa hilo. Matokeo yake kwa wanaume ni ya kutia moyo: kati ya watu 2,179 waliodungwa katika utafiti wa PURPOSE 2 walioambukizwa ni 2. Hata hivyo, hadi sindano hizo zitakapomfikia kila anayezihitaji, kidonge ndicho kitakachoendelea kutegemewa na walio wengi. Ningeiomba idara ya afya ya kaunti itoe vidonge vya miezi mitatu kwa pamoja kwa mtu aliyezoea dawa, iweke vikopo vidogo visivyo na maandishi vyenye kifuko cha kufyonza unyevu ndani yake, iruhusu maduka ya dawa ya mitaani kutoa dawa za marudio ili mtu asilazimike kupanga foleni mbele ya jirani zake, na ikomeshe mchezo wa kuhesabu vidonge kwa sura ya ukali.

Na ikiwa anayesoma barua hii ana chupa aliyoiacha nusu miezi kadhaa iliyopita, tafadhali asianze kumeza leo kwa kubahatisha. Apime VVU kwanza, kwa sababu mtu aliyekwisha kuambukizwa akimeza dawa hizi mbili peke yake huvipa virusi nafasi ya kuwa sugu. Kipimo hakilipiwi katika vituo vya umma, na majibu hutoka siku hiyo hiyo.

Mfamasia mstaafu,
Mombasa