Mbona nimekatwa pointi na nimetua salama?

Tangu tufungue chumba chetu cha mashine za mchezo wa urubani, za kurusha ndege kwenye skrini, hapa Kikwajuni, Unguja, lalamiko tunalolisikia zaidi si la bei wala la umeme kukatika. Ni hili: "Sheikh, ndege nimeitua vizuri kabisa, mbona nimekatwa pointi?" Tukiifungua rekodi ya safari, mara nyingi kosa tunalikuta mbali na uwanja. Bwana alipita futi 10,000 akiteremka, spidi 290.

Kanuni yenyewe ni fupi: chini ya futi 10,000, spidi isizidi noti 250. Si noti za benki. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, kwa hivyo 250 ni kama kilomita 463. Wenye mchezo hawakuitunga wao, wameitoa kwenye urubani wa kweli. Huko chini ndiko kwenye ndege ndogo na marubani wanaotegemea macho yao, na ukija mbio, muda wa kuonana na kukwepana hautoshi. Kampuni za ndege za mtandaoni, yaani za mchezo tu, ambazo wengi wenu mmejiandikisha, zina programu inayonukuu spidi yako tangu unawasha injini mpaka unazima. Ikiona umevuka, inakata. Inakata ngapi, kila kampuni ina kipimo chake.

Wanaokwenda Pemba na Cessna Caravan, ndege ndogo ya pangaboi, hili haliwahusu. Ndege ile mwisho wake ni noti 175, nao wakikatwa hukatwa kwa kuipita hiyo.

Taabu iko kwenye jeti, tena wakati wa kushuka. Aliyepanda baiskeli kwenye vilima vya Pemba anajua: ukishauingia mteremko, hata pedeli hukanyagi na bado unakimbia. Kijana anatoka Addis Ababa kuja Unguja na Boeing 737, yuko futi 36,000, anapiga soga na mwenzake wa mashine ya pili. Anakuja kukumbuka kushuka Tanga iko chini yake. Kutoka hapo mpaka uwanja wetu wa ndege wa Karume zimebaki maili kama 70 tu za baharini, na yeye alihitaji karibu 120. Basi anaisukuma pua chini, spidi inapanda, programu inaandika.

Hesabu yake ni nyepesi: chukua maelfu ya futi, zidisha kwa tatu, ongeza maili kumi za kupunguzia mwendo. Futi 36,000 ni maili 108, na kumi, 118. Kwa safari hiyo, unaanza kushuka ungali Kenya. Ukikaribia futi 10,000, punguza mteremko, iache ndege ilegee mpaka 240, ndipo uendelee. Sisi tunasema 240 kwa sababu anayeshikilia 250 kamili, upepo ukimpiga kidogo tu ameshapita.

Wengine huja na picha ya skrini wakidai mashine imewaonea. Mara nyingi wamesoma spidi ya ardhini, ambayo upepo wa nyuma huipandisha na wa mbele huishusha. Inayohesabiwa ni ile ya kwenye kipimo cha spidi ya hewa, mbele ya rubani. Hizo ni mbili tofauti, na ukiwa juu hupishana sana hata pasipo na upepo.

Lakini mara nyingine mteja ana haki. Boeing 747 iliyojaa mafuta, ikiruka bila flapsi, vile vipande vya mbawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kwenda polepole, haiwezi kukaa salama kwenye 250, na hata sheria ya Marekani inairuhusu ndege ya namna hiyo kuzidisha. Programu nyingi hazilijui hilo, zinakata tu. Ukikumbwa na hili tuambie, tutakusaidia kuiandikia kampuni yako pamoja na rekodi, na uzito wa ndege uonekane humo.

Pesa ya saa uliyokaa haturudishi kwa sababu ya pointi, tusidanganyane. Rekodi tunakufungulia bure. Na kuanzia wiki hii tumetenga nusu saa ya mazoezi ya kushuka peke yake: tunakuweka futi 36,000 juu ya Kwale, ndege imeshatulia, unashuka mpaka Karume, tunakurudisha, unashuka tena. Mwezi wa Ramadhani tutakuwa wazi baada ya tarawehe.