Anayeuliza kanisani asiitwe mleta mafarakano

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie umoja kanisani. Mtume Paulo, alipowaandikia Wafilipi, aliwasihi Euodia na Sintike wawe na nia moja katika Bwana, tena akamwomba mwenzake awasaidie wanawake hao, bila kutaja ni yupi mwenye kosa. Kwetu, anayeuliza hesabu za sadaka huitwa mleta mafarakano hata kabla hajaketi. Nilimwona mzee mmoja akifunga daftari lake taratibu na kutokea mlango wa nyuma. Tangu siku hiyo nafasi yake kwenye kwaya iko wazi, na mimbarini (ajabu kweli) tunapongezwa kwa mshikamano. Viongozi wangeanza kwa kumfuata nyumbani, wamsikilize.

Muumini