Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: Tuisome Sun City Yote Kabla ya Kuota Kasino Ziwani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima na taadhima, ninakuandikia kuhusu wazo lisilokosa msemaji kila unapozungumzwa utalii wa mkoa wetu, kwamba atafutwe mwekezaji wa kujenga hoteli kubwa yenye kasino ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wanaolitetea hutoa mfano wa Sun City, kituo cha kitalii chenye hoteli na kasino huko Afrika Kusini, nami naomba historia yake isomwe yote.

Mfanyabiashara wa hoteli Sol Kerzner aliifungua Desemba 1979 ndani ya Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya makaburu ililiita nchi huru wakati ulimwengu haukulitambua. Kamari ilikuwa marufuku Afrika Kusini lakini Bophuthatswana iliiruhusu, hivyo watu wa Johannesburg waliendesha gari mwendo wa saa mbili hivi kwenda kucheza walichokatazwa kwao. Kwa maoni yangu, mtaji halisi wa hoteli ile ulikuwa katazo la jirani. Mwaka 1992 ikaongezwa hoteli ya kifahari ya Palace of the Lost City. Mwaka 1994 Bophuthatswana ikarudishwa Afrika Kusini, na sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango wa leseni za kasino hadi 40 nchi nzima. Mcheza kamari wa Johannesburg hakulazimika tena kusafiri. Bahati ya Sun City ni kwamba ilikuwa na viwanja vya gofu, bwawa la mawimbi, na hifadhi ya Pilanesberg pembeni yake.

Sisi hatuna katazo la kuuza. Kasino ni halali nchini chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kijana aliyeshusha dagaa Kibirizi alfajiri anaweza kuumaliza ujira wake kwenye mashine ya dubwi kabla ya adhuhuri, sarafu ya shilingi 200 baada ya nyingine. (Huyu ndiye ninayehofia atakuwa mteja, si mtalii.) Tulicho nacho ni ziwa, pamoja na sokwemtu wa Gombe na Mahale.

Kwa hiyo naomba, likija ombi la ardhi, mwekezaji aoneshe kwanza jinsi vyumba, boti na kumbi za mikutano zitakavyoiendesha hoteli bila meza za kamari. Pili, wakazi watozwe kiingilio kizito cha kasino, kama Singapore inavyowatoza raia wake dola 150 za nchi hiyo kwa saa 24. Tatu, mpango huo usomwe katika mikutano ya hadhara, Ujiji na Kibirizi, kabla hati haijatiwa saini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ujiji