Ile "dawa mpya" ya malaria tuliimeza zamani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Mlipoihamishia Muheza mkoa mwingine nilinyamaza. Mlipochapa utabiri wa mvua ya juzi nilicheka, nikanyamaza. Lakini ile habari ya dawa inayomuua mbu akikuuma imenishinda.

Unaikumbuka, maana mliipa ukurasa wa mbele. Herufi nene: dawa mpya, mbu akikuuma anakufa, malaria kwaheri. Chini yake mkaitupa asilimia 26, peke yake, bila kusema ni asilimia 26 ya nini.

Dawa yenyewe ni ivermektini, na si mpya. Ilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Japani miaka ya 1970, na mwaka 2015 Satoshi Ōmura na William Campbell wakapata Nobeli kwa kazi hiyo. Sisi watu wa Tanga tumeimeza kwenye kampeni za ugonjwa wa usubi, tukaimeza tena pamoja na albendazo, dawa ya minyoo, kwenye kampeni za matende na mabusha. Mgawa dawa anakusimamisha kwanza kwenye fimbo ya kupimia kimo, ndipo anajua akupe vidonge vingapi. Nimesimama kwenye fimbo hiyo nikiwa na mvi tayari. Mwandishi wako angemuuliza bibi yeyote wa hapa kwetu angeambiwa, na angekunywa na chai.

Kilicho kipya ni kuitumia dhidi ya malaria. Kwale ya Kenya, ng'ambo tu ya mpaka wa Horohoro, watafiti waliwapa watu ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, majira ya vuli. Maeneo mengine ya huko huko yalipewa albendazo ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa Julai 2025: watoto wa miaka 5 hadi 15 upande wa ivermektini walipata maambukizi mapya pungufu kwa asilimia 26. Kwa lugha ya sokoni, pale ambapo upande wa albendazo wangeambukizwa mara 100, upande huu ni kama mara 74. Ni habari njema, hasa kwa kuwa wengi wao walikwishakuwa wanalala kwenye vyandarua. Nimestaafu baada ya kuhesabu vimelea kwenye slaidi za damu kwa zaidi ya miaka thelathini, siwezi kuidharau robo. Ila hao 74 waliobaki, hiyo kwaheri yenu mliwaaga wapi?

Na jambo ambalo ndilo hasa la kuandikwa mmeliruka. Dawa hii haimkingi aliyeimeza. Mbu anakuuma kwanza, na kama amebeba vimelea anakuachia palepale. Anaondoka na damu yako yenye dawa, anakwenda kufia mbele, pengine kabla hajafika kwa mwingine. Anayenufaika ni jirani. Ndiyo maana wanaimeza watu wengi kwa pamoja. Nyumba moja ikijinywea peke yake, imejitibu minyoo na mbu wa mtaa hawana habari.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumamosi, siku nne baada ya habari yenu, nilikwenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye anafuga mbuzi. Nikamkuta ukumbini, watoto wanne wamepangwa kwenye mkeka kuanzia mkubwa hadi mdogo. Machungwa yamekwisha menywa, yamewekwa kwenye sinia, ya kuondolea uchungu. Mbele yake kuna chupa ya ivermektini ya kuwachoma mifugo sindano, ya asilimia moja, ameinunua duka la dawa za mifugo. Lebo ina picha ya ng'ombe, kondoo na nguruwe, wala haina mtoto wa binadamu. Kizibo cha mpira amekitoa kwa kisu, na mkononi ana kijiko cha chai. Chupa imekaa juu ya gazeti lako, Mhariri, na kichwa chako cha habari kinasomeka vizuri kabisa. Nikamwambia, "Shemeji, unataka kufanya nini?" Akanijibu bila wasiwasi, "Si wewe husema tusome magazeti?" Nilimnyang'anya kijiko. Tukakaa, nikampigia hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Kila mililita ya dawa ile ina miligramu 10. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo miligramu 50. Kule Kwale walipewa mikrogramu 400 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtoto wa kilo 18 hapati hata miligramu 8, tena ya vidonge vya binadamu, mbele ya watu waliofundishwa. Shemeji alikuwa anakaribia kumpa mara saba ya hiyo, tena pamoja na vimiminika vya kuyeyushia ambavyo vimetengenezwa kupita chini ya ngozi ya ng'ombe na si kwenye tumbo la mtoto. Yule wa mwisho kwenye mkeka ana miaka mitatu, ukimpima na viatu hafiki kilo 14. Kule utafitini, mtoto wa chini ya kilo 15 hakupewa kabisa, wala mama mjamzito. Je, hilo liliandikwa? Nimeisoma habari yenu mara tatu, mara ya tatu kwa kidole. Halimo. Nafasi ya kuandika kwamba mtafiti mkuu ni mtu mcheshi ilipatikana; nafasi ya kuandika kwamba mtoto mdogo hapewi haikupatikana. Shemeji si mjinga. Ana cheti cha kidato cha nne na mbuzi wake wana afya kuliko mimi. Alifanya kile ambacho gazeti lilimwambia kinawezekana, kwa dawa ambayo duka la jirani linayo.

Watoto walikula machungwa.

Na maadamu nimeanza, ile picha. Habari ni ya malaria, mbu mliyemweka ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyo ni wa homa ya dengi, Mhariri! Anauma mchana, anazaa kwenye matairi na ndoo zilizosahauliwa uani. Anofelesi, mbu wa malaria, akitua anainamisha kichwa na kuinua mkia, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mtoto wa darasa la tano nilimfundisha kuwatofautisha kwa nusu saa. Nyinyi mna huyo huyo wa madoa tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe, nadhani amekuwa mwajiriwa.

Ilikuwa hivyo hivyo kwenye chanjo ya malaria iitwayo R21. Mliandika asilimia 75, mkaishia hapo. Hiyo 75, yaani upungufu wa watoto kuugua malaria, ilitoka kule Burkina Faso na Mali, kwenye maeneo ambayo malaria huja kwa msimu na watoto walichanjwa kabla msimu haujaanza. Kwenye maeneo mengine, Bagamoyo na Kilifi yakiwamo, ilikuwa 68, na ni kwa miezi 12 ya mwanzo. Watoto wa Bagamoyo walitoa damu yao vidoleni, nyinyi mkachapa namba ya Burkina Faso na picha ya jengo la Chuo Kikuu cha Oxford, walioitengeneza.

Ombi langu ni dogo. Kila habari ya utafiti iwekewe kisanduku cha inchi mbili: walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, kwa muda gani, na nani asiitumie. Kama nafasi hamna, ondoeni nyota ya Mizani. Ni yangu, na tangu mwaka jana inaniahidi safari na fedha, sitaidai. Kuhusu picha, nitumieni kila Alhamisi kabla ya saa kumi nizikague, nitatoza shilingi elfu mbili kwa kila mbu, na mbu wa madoa kwenye habari ya malaria nitatoza elfu kumi.

Chupa ya shemeji iko kabatini kwangu, juu, watoto hawaifikii. Kwa kuwa kizibo alikitoa kwa kisu haifai tena hata kwa mbuzi, na bado anadai pesa yake. Nimemwambia aje kwenu.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Muheza, Tanga